Laptopu ikiwa na spidi mara mbili, injini ya sataranji nayo inakuwa bingwa mara mbili?

Mwezi huu wale wa simu zinazokufa chaji na printa zinazokataa kuchapa naomba mniwie radhi, mtasubiri toleo lijalo. Kuna ubishi umezuka barazani huko Mji wa Kale na barua zikafuatana, zote za sataranji na kompyuta, nikaona bora nizijibu kwa pamoja kabla watu hawajaharibiana udugu.

Salaam aleikum fundi. Mimi na binamu yangu tunacheza sataranji barazani Kibokoni kila baada ya isha. Juzi kanunua laptopu mpya ya kori nane (kori ndo kile kitengo cha prosesa kinachofanya kazi), mimi ninayo ya ex-UK ya kori mbili niliyoipata kwa bei ya kutupa. Tukaweka Stockfish, ile injini yaani programu ya kompyuta ya kucheza sataranji, kote kote tukazichezesha gemu kumi, yake ikashinda tatu, saba droo, yangu haikuambulia hata moja. Sasa hanipi raha, kila nikitokea ananiambia ati laptopu yake imeizidi yangu pointi mia na ushei na niipeleke yangu kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ni kweli? Na mtu anapimaje hasa faida ya kompyuta yenye spidi? – Mnyonge wa Kibokoni

Waaleikum salaam Mnyonge. Kwanza tumpe binamu haki yake, hesabu yake imekaa sawa. Alama 6.5 kwa 10 ni asilimia 65, na kwa mfumo wa Elo, ule wa kupimia nguvu za wachezaji wa sataranji kwa pointi, asilimia 65 ni tofauti ya kama pointi 107. Hapo hajaongopa.

Tatizo ni gemu kumi. Ukipiga hesabu ya bahati kwa matokeo hayo hayo, ushindi tatu na droo saba, tofauti ya kweli yaweza kuwa popote kuanzia kama pointi 6 mpaka kama 230. Yaani pengine laptopu zenu zinakaribiana kabisa, na pengine yake inaiacha yako mbali sana, na hizo gemu kumi haziwezi kutwambia ni lipi kati ya hayo mawili. Mkicheza 100, na nusu yake zikiwa droo, bado kuna kuyumba kwa pointi kama 48 juu au chini. Mkifika 1,000 kuyumba kunashuka mpaka kama 15. Kila ukitaka kupunguza hiyo yumbayumba kwa nusu lazima gemu uzizidishe mara nne, hakuna njia ya mkato. Ndo maana watengenezaji wa Stockfish tangu 2013 wana mtambo wao unaitwa Fishtest, watu wa dunia nzima wanajitolea kompyuta zao zichezeshe gemu, na badiliko dogo la pointi moja au mbili laweza kula makumi ya maelfu ya gemu kabla halijakubaliwa. Sasa nyinyi kumi tu mshaanza kuuziana chuma chakavu!

La pili, na kwangu mimi hili ndo zito zaidi, hamkupima spidi. Mlipima laptopu mbili na kila kilichomo ndani. Prosesa tofauti, idadi ya kori tofauti, pengine hashi tofauti (hashi ni ile kumbukumbu ya ramu ambayo injini inahifadhi pozisheni, yaani mipangilio ya kete ubaoni, ilizokwisha zipitia), pengine hata toleo la Stockfish ni tofauti manake yako sijui uliiweka lini. Pengine yake ilikuwa kwenye chaja na yako kwenye betri, na laptopu nyingi zikiwa kwenye betri zinajipunguzia spidi zenyewe bila kukuuliza. Ikitokea tofauti utasema imetoka wapi?

Njia safi ni hii, na raha yake ni kwamba huhitaji laptopu ya binamu hata kidogo. Chukua kompyuta moja, injini moja, toleo moja, ichezeshe na yenyewe. Upande mmoja upe muda mara mbili ya mwenzake, basi. Kwa injini kuwa na prosesa ya spidi mara mbili na kuwa na muda mara mbili ni karibu kitu kile kile, kwani inachohitaji ni kupitia pozisheni nyingi zaidi kabla ya kusogeza kete. Kuna programu ya bure inaitwa Cutechess inaendesha mashindano ya namna hii na inakubali kila mchezaji apewe muda wake. Mpe mmoja sekunde 10 za gemu nzima na nyongeza ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kila hatua, mwenzake mpe 20 na nyongeza ya sehemu mbili ya kumi. Nyongeza usisahau kuizidisha, wengi wanazidisha zile sekunde kubwa nyongeza wanaiacha ilivyo na kipimo kinakwenda upogo. Kila upande upe thredi moja (thredi ni mkondo mmoja wa kazi, kwa kawaida hukaa kori moja), hashi sawasawa, na uzime ile tabia ya kufikiri wakati wa zamu ya mwenzake, la sivyo yule wa sekunde 10 atakuwa anafikiri bure ndani ya zile 20 za mwenzie, kipimo kishakufa.

Na ufunguzi jamani, ufunguzi! Nina hakika nyinyi mlianzia ubao wa mwanzo kila gemu. Injini zilizo sawa zikianza pale pale zinapenda kurudia njia zile zile na kumalizia droo, hizo saba zenu hazinishangazi. Tafuta faili la funguzi mbalimbali, kila ufunguzi uchezwe mara mbili, mara injini A iwe na nyeupe mara iwe na nyeusi, ili ufunguzi ukiwa unapendelea upande mmoja upendeleo uwafikie wote. Siku hizi wanaopima kwa makini wanachagua makusudi funguzi zilizopinda kidogo kuelekea upande mmoja, manake injini zimekuwa imara kiasi kwamba ubao ukiwa sawa hazifungani.

Gemu 1,000 za muda huo zinakula kama nusu siku kwa laptopu inayochezesha moja moja. Iachie usiku ulale.

Utapata nini? Makadirio yaliyokuwa yakizunguka miaka mingi ni pointi 50 mpaka 70 kila spidi ikizidishwa mara mbili. Ukipima kwa muda mfupi mfupi kama huo wa sekunde 10 faida utaiona vizuri. Ukirudia kipimo kwa dakika nzima dhidi ya dakika mbili faida inapungua, na ukizidi kuongeza muda inazidi kupungua. Hili si jambo jipya. Ken Thompson, yule yule aliyeunda mfumo wa kompyuta wa Unix, alikuwa na mashine ya sataranji kwenye maabara ya Bell Labs inaitwa Belle, ikachukua ubingwa wa dunia wa kompyuta 1980 kule Linz, Austria. Yeye na mwenzake Joe Condon waliichezesha Belle na yenyewe, moja inaona hatua nne mbele, nyingine tano, nyingine sita, mpaka tisa. Kutoka nne kwenda tano faida ilikuwa zaidi ya pointi 300. Kutoka nane kwenda tisa ikashuka mpaka kama 120. Kila ngazi inalipa, ila ya juu inalipa kidogo kuliko ya chini yake.

Na usichanganye ngazi za Belle na kuzidisha spidi mara mbili. Kwenye sataranji kila zamu kuna hatua kama 35 halali kwa wastani, na enzi hizo hata ukikata matawi yasiyo na maana bado kuona hatua moja zaidi kulitaka kazi mara tano au sita. Injini za leo zinakata matawi vibaya sana, kwa hiyo kazi mara mbili tu inatosha kuzisogeza kama hatua moja mbele. Ndo kusema kuna wakati programu mpya inaifanya prosesa ile ile kuukuu ifike mbali zaidi, hilo nitalirudia kwenye barua ya Likoni hapo chini.

Neno la mwisho kwako, kupima injini na yenyewe kunaipamba kidogo ile tofauti. Pande mbili zinafikiri sawa, mwenye muda zaidi anayaona yote ya mwenzake na zaidi, hivyo anamfunga vizuri. Akikutana na injini ya aina nyingine faida mara nyingi inakuwa ndogo kuliko hiyo. Laptopu yako usiiuze.

Fundi, kori nane si ni sawa na spidi mara nane? Nimeona namba ya pozisheni kwa sekunde inapanda karibu mara nane nikiwasha thredi zote. – wa Changamwe

Namba inapanda kweli. Nguvu haipandi hivyo. Chukua watu wanane wanaotafuta funguo iliyopotea ndani ya nyumba moja na hawasemezani sana, wataikagua nyumba kwa haraka kuliko mtu mmoja, lakini kuna chumba kitakaguliwa mara tatu. Thredi za Stockfish zinafanya hivyo, kila moja inapekua kivyake na zinaambiana kupitia hashi tu. Kazi nyingine inarudiwa. Ukitaka kujua umepoteza kiasi gani pima hivi: thredi nane kwa sekunde 10 dhidi ya thredi moja kwa sekunde 80. Kama kori nane zingekuwa sawa na spidi mara nane gemu zingetoka sare kwa jumla, na kwa kawaida huyu wa thredi moja mwenye muda mrefu ndo anayeshinda.

Kuna kosa moja naliona sana, watu wanapima thredi kwa kuangalia imechukua sekunde ngapi kufika kina fulani, yaani kuona hatua kadhaa mbele, tuseme kina cha 25. Kipimo hicho kinadanganya. Thredi zikiwa nyingi injini inatanuka pia, inaangalia matawi ambayo peke yake ingeyaruka, kwa hiyo kina 25 cha thredi nane si kile kile cha thredi moja. Pima kwa ushindi na muda wa saa. Na usishangae ukiiuliza pozisheni moja mara mbili kwa thredi nyingi ikakupa majibu mawili, nani kamaliza kwanza kati ya thredi hubadilika kila mara. Kwa thredi moja na idadi maalumu ya nodi (nodi ni pozisheni moja inayopitiwa na injini) itarudia jibu lile lile.

Angalia pia kama kori zako nane ni nane kweli au ni nne zinazojifanya nane. Hizo za kujifanya zinaongeza kitu lakini kidogo mno.

Habari fundi, mwanangu yuko klabu ya sataranji shuleni na anaichezea kompyuta ya nyumbani hapa Bamburi. Anasema asubuhi injini inakwenda mbio na mchana inachoka. Mimi nikamwambia kompyuta haichoki. Nani mkweli? – Mama wa Bamburi

Mama, leo mtoto kashinda.

Prosesa ikipata joto kupita kiwango inajipunguzia spidi yenyewe isije ikaungua. Hizi za laptopu ndo zaidi, dakika ya kwanza zinaruka kwa spidi ya juu kabisa, ile wanayokuandikia kwenye boksi dukani, halafu joto linapanda na zinashuka zinatulia pale zinapoweza kuvumilia. Nairobi sijui Limuru huko watakwambia haijalishi. Hapa kwetu kaskazi ikishika, Januari mpaka Machi, chumba kina nyuzi 30 na zaidi kabla hujawasha chochote, na feni ya laptopu inavuta hewa hiyo hiyo ya moto kujaribu kupoza.

Mwambie afanye hivi. Stockfish ina amri ya kujipima, unaandika neno bench kwenye dirisha lake jeusi, inapitia pozisheni zake maalumu kwa thredi moja na mwisho inakuandikia nodi kwa sekunde. Aandike alfajiri kompyuta ikiwa ya baridi, anakili namba. Kisha mchana aiache injini ichambue pozisheni yoyote kwa thredi zote kama dakika 20, aizime na papo hapo aandike tena bench. Akiona imeshuka asilimia 10 asitie wasiwasi sana. Kama kuzidisha spidi mara mbili ni kama pointi 60, asilimia 10 ni kama pointi 9, huzioni kwa macho. Ikishuka nusu nzima hapo kuna jambo, mara nyingi ni vumbi. Mpelekee fundi aifungue aipulize na abadilishe ile dawa nyeupe inayokaa juu ya prosesa, ikikauka joto halitoki. Na isiwekwe kitandani, godoro linaziba matundu ya chini, nimeletewa laptopu zimejaa pamba za godoro ndani mpaka feni haizunguki.

Kwa wanaofanya vipimo vya Mnyonge hapo juu, joto hili ndo sababu nyingine ya kuchezesha pande zote mbili ndani ya kompyuta moja, likipanda linawapata wote. Na stima. Stima ikikatika saa nane za usiku laptopu inaingia betri, spidi inashuka, gemu zinaendelea kama kawaida wewe umelala, asubuhi unakuta matokeo nusu ni ya chaja nusu ni ya betri. Ipange izime injini ikikosa chaja, au uangalie saa za gemu kwenye faili na uzitupe zile za gizani.

Mzee mmoja hapa Likoni anashikilia kwamba Deep Blue haijapatikana mfano wake mpaka leo kwa sababu ilikuwa kompyuta kubwa kama kabati. Mimi namwambia simu ya leo inaifunga. Tuamue. – Kijana wa kivukoni

Mzee ana hoja moja nzuri. Deep Blue ya 1997, ile kompyuta ya IBM iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov 3.5 kwa 2.5 huko New York, ilikuwa na chipu 480 zilizoundwa kwa sataranji peke yake na ilipitia kama pozisheni milioni 200 kwa sekunde. Laptopu ya kawaida leo na Stockfish inapitia milioni chache tu. Kwa wingi wa pozisheni mzee kashinda.

Ila kwenye ubao Stockfish ya leo inaimaliza. Kilichobadilika kwa kiasi kikubwa ni programu, inajua matawi gani isipoteze muda nayo, na inajua pozisheni nzuri ikiiona. Mwaka 2020 Stockfish toleo la 12 iliwekewa mtandao mdogo wa nyuroni, yaani hesabu iliyojifunza yenyewe kupima uzuri wa pozisheni, ufundi uliobuniwa Japani na Yu Nasu kwa ajili ya shogi, sataranji yao ya kule. Kuweka mtandao ule kuliifanya ihesabu pozisheni chache zaidi kwa sekunde, na bado ikawa imara zaidi kuliko toleo la 11. Ikapunguza spidi, ikaongeza akili, ikashinda.

AlphaZero, injini ya DeepMind ya Google ya 2017, ndo ilikwenda mbali zaidi, pozisheni kama 80,000 kwa sekunde dhidi ya milioni 70 za Stockfish, na katika gemu 100 ikashinda 28 na droo 72 bila kupoteza. Mechi ile ililalamikiwa na walalamikaji walikuwa na haki kiasi, Stockfish ilipewa hashi ya gigabaiti moja tu kwa thredi 64 na muda wa dakika moja kila hatua, wakati yenyewe imeundwa ijipangie muda wake. Na AlphaZero ilikuwa inaendeshwa na chipu maalumu za Google, si kompyuta unayoweza kuinunua. Kwa hiyo hata pale swali la vifaa lilikuwepo, nani ana chuma gani, na namba ya pozisheni kwa sekunde haikulijibu. Usilinganishe injini mbili tofauti kwa namba hiyo hata siku moja, wengine wanahesabu nodi kwa namna yao. Inafaa kulinganisha injini moja kwenye mashine mbili tu.

Kwa hiyo kijana umeshinda, lakini mzee mnunulie kahawa.

Fundi simu yangu ya elfu kumi na mbili inanifunga kila siku. Nikinunua ya elfu sitini itanifunga zaidi? – wa Majengo

Itakufunga vile vile, labda kwa hatua chache zaidi kabla hujajua umefungwa. Mwaka 2009 kule Buenos Aires programu ya Pocket Fritz 4 ilicheza mashindano ya watu ikiwa ndani ya simu ya HTC ya wakati ule, ikapata 9.5 kwa gemu 10, nayo ilikuwa inapitia pungufu ya pozisheni 20,000 kwa sekunde. Simu yako ya elfu kumi na mbili inaipita ile kwa mbali. Ukitaka gemu ya haki ingia kwenye mipangilio, punguza kiwango cha injini, au iwekee nodi chache sana kila hatua, uanze na 100 na upandishe kidogo kidogo kadiri unavyoshinda. Hizo elfu 48 zilizobaki unazijua mwenyewe pa kuzipeleka.